Atomu Mbili za Dada

Dada yangu alitumia miaka kumi na moja akitafuta kitu kinachoishi sekunde mbili. Ni elementi nzito mno, ya mwishomwisho kwenye jedwali la elementi, isiyochimbwa popote. Huundwa kwa kugonganisha atomu ndani ya mtambo, wiki baada ya wiki, mpaka moja ipatikane. Dada alitaka kujua jambo moja tu: ikipita juu ya dhahabu, inanata au inateleza? Kwa miaka yote hiyo alipata atomu mbili. Zote zilinata.

"Wenzako wakiatamia, vifaranga hutoka," Mama alimtania. "Wewe unaatamia nini, mwanangu?"

"Mama nawe! Nangoja ya tatu."

Mimi ndiye kitinda mimba. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza programu inayowapendekezea wanasayansi makala za kusoma. Ukifungua moja, inakuletea tano zinazofanana nayo. Kasoro yake ni kufuata mkumbo: iliyosomwa na wengi hupelekwa kwa wengi zaidi, isiyosomwa huzikwa hai. Makala ya Dada ilikuwa na wasomaji tisa, na watatu kati yao nilikuwa mimi: nyumbani, ofisini na kwenye simu.

Nikakaa mwaka mzima nikiirekebisha programu, ili katika kila tano, moja itoke mbali, kwa watu wasiojulikana. Nilipewa wiki tatu za majaribio. Zilipokwisha, mkuu wa kitengo akaniita.

"Kazi yako ni safi, kaka. Ila watu hawafungui wasichokijua. Wanafungua kidogo kuliko zamani."

"Watazoea, bosi."

"Baada ya muda gani?"

Akaizima kabla ya chakula cha mchana.

Lakini asubuhi hiyo, kabla haijazimwa, ilikuwa imeniletea makala ya ajabu. Mkemia mmoja mzee, wa maabara ya mbali, alikuwa amepitisha elementi ile ile juu ya dhahabu, miaka sita nyuma. Kichwa cha makala kilitaja dhahabu tu, ndiyo maana Dada hakuwahi kuiona. Mzee naye alipata atomu mbili. Zote zilinata. Wasomaji wake walikuwa wanne.

Nilikwenda maabara mbiombio. Nilimkuta Dada amevaa glavu, anafungua skrubu za vitambuzi vyake vya kunasia atomu. Barua ya kamati ya utafiti ilikuwa juu ya meza: atomu mbili si ushahidi, mtambo wapewe watafiti wa betri. Nikampa makala. Akaisoma wima.

"Dhahabu yake ilikuwa na ubaridi ule ule," alisema polepole. "Zilinata pale pale." Akakalia kreti. "Nne, mdogo wangu. Kumbe tulikuwa nazo nne."

"Mwandikie basi!"

Akamwandikia pale pale. Jibu lilikuja baada ya siku sita, kutoka kwa binti wa yule mzee. Baba yake alifariki miaka miwili iliyopita. Chumba chake kilipogawiwa wengine, daftari na vipimo vyake vyote vilitupwa. "Mpaka siku za mwisho," binti aliandika, "alikuwa akiniuliza kama kuna mtu yeyote amemwandikia."

Dada aliisoma barua hiyo mara moja tu, akafunga kompyuta.

Mimi ndiye niliyemsukuma arudi kwa kamati. Alikwenda shingo upande. Walimsikiliza kwa adabu, wakauliza vipimo vya mzee viko wapi. Akawaambia vimetupwa. Mwenyekiti akavua miwani. "Pole sana, Daktari. Kisichokaguliwa hatuwezi kukihesabu."

Alhamisi mtambo ulizimwa. Tulisimama mlangoni tukasikia pampu zikinyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka tukabaki na mlio wa feni ya ukutani. Nikamwambia labda siku moja mtu atazisoma makala zote mbili.

"Atazionea wapi?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli, na aliyepaswa kujua ni mimi.

Sasa anapima maji katika kiwanda cha kujaza chupa, sampuli mia mbili kwa zamu. Anasema maji ni safi, kila siku ni safi. Mimi bado niko ofisi ile ile. Wamenihamishia upande wa matangazo.