Foleni ya Mbwa Katoro

“Usinipandishie sauti dukani kwangu, Sesilia. Wateja wanasikia.”

“Wasikie. Maji umeweka au hukuweka?”

Lusia alifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. Duka lake la dawa za mifugo lilikuwa kando ya barabara ya Ushirombo, pale Katoro, na Sesilia, mdogo wake mwenye diploma ya afya ya mifugo, alikuwa na meza ya darubini pembeni. Nje, mbwa waliokufa walikuwa wamepanga foleni kama kila siku tangu Machi. Leo walifika wanane. Hawakubweka, hawakuuma mtu. Jirani muuza simu alilalamika tu kwamba wanaziba maegesho ya pikipiki.

Sesilia aliwafahamu wote. Walipokuwa hai aliwatoboa ncha ya sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akaona vijidudu vinavyoletwa na kupe, viwiliviwili ndani ya chembe nyekundu, kama mbegu za tikiti. Wenye mbwa waliapa kwamba huwaogesha kila wiki kwa dawa ya kupe ya Lusia. Yeye akawaambia hawajui kupima dawa. Mama mmoja, Mbuke, alikaripiwa mbele ya watu mpaka akalia.

Asubuhi hii Sesilia alikuwa ametoka nje, akabandua kupe mnene kwenye shingo ya mbwa wa Mbuke, mbwa aliyekufa Jumatatu, akamtumbukiza katika bakuli la dawa ya dukani, kama ilivyotoka kwenye chupa. Kupe aliogelea saa nzima, kisha akapanda ukingoni kujianika.

“Biashara ngumu, mdogo wangu,” Lusia alisema. “Kila mtu anazimua.”

“Na chupa uliyonipa mimi, ya kumwogeshea Chuma?”

“Ah, wewe ni wa tumbo moja na mimi. Yako niliweka maji kidogo.”

Chuma, mbwa wa Sesilia, alikuwa amelala chini ya meza, fizi zimepauka, mkojo wake rangi ya kahawa. Aliinuka kwa shida, akatoka mlangoni. Mbwa wa mwisho kwenye foleni alisogea mbele, akamwachia nafasi kivulini.

“Mchome sindano,” Lusia alisema, akifungua kabati. “Hii hapa.”

“Nayo umeizimua?”

Lusia alilifunga kabati. Aliingia mchimbaji mmoja, viatu vimejaa tope, akaomba dawa ya kupe.

“Hayo ni maji, kaka,” Sesilia alimwambia.

“Najua, dada. Lakini dawa halisi iko Geita, nako ni mbali.”

Lusia akamfungia chupa kwenye gazeti.

Sesilia alitoka, akamwinua Chuma kwenye foleni, akambeba mgongoni, akamfunga kwa kanga. Alisimamisha bodaboda ya kwanza.

“Huyu naye analipa nauli?” dereva aliuliza.

“Analipa. Yu hai. Twende Geita.”