Hema la Nzi

Hakuna mtu anayeiba embe bovu. Zuri, sawa, hata mcha Mungu mkono unaweza kumteleza. Lakini lililooza, lenye funza? Ndiyo maana Bwana Dawa, alipomwona mke wa mdogo wake akiinama chini ya miembe yake yeye, mchana kweupe, akiokota maoza na kuyatia ndooni, hakupiga kelele. Alijibanza nyuma ya stoo akakodoa macho.

Shamba hilo zamani lilikuwa moja. Baba yao alipofariki waliligawa, wakagombania mpaka, na tangu hapo ndugu hao wakawa wanasalimiana kwa shingo upande. Mdogo alikwenda zake kuendesha malori, akamwachia mkewe miembe. Mkubwa alibaki na upande wake na bomba la kupulizia dawa, ambalo halikumtoka mgongoni mpaka watu wakampa jina. Mwaka juzi mnunuzi alipasua maembe yake, akakuta funza, akageuza gari. Mwaka jana Bwana Dawa alipulizia kwa hasira mpaka nyuki wakahama. Mnunuzi akanusa embe moja, akapiga chafya, akageuza gari tena.

"Msimu huu yakikataliwa," mke wa Bwana Dawa alimwambia mumewe bila kupandisha sauti, "miembe yote inakatwa, tunapanda mahindi."

Mwanamke huyo si mtu wa kutania. Shoka lilikuwa limeshanolewa, limeegemezwa mlangoni. Na miembe ile Bwana Dawa aliipanda na baba yake, enzi hizo akipangusa kamasi kwa mkono. 

Sasa huyu shemeji anataka nini na maoza yake? Mtu mwingine angeuliza. Yeye alimvizia. Siku iliyofuata akamwona tena, na siku nyingine tena, daima wakati yeye anapodhaniwa amelala baada ya chakula. Kila mara ndoo ilijaa, na kila mara shemeji aliangaza huku na huku kabla ya kuvuka mpaka. Mtu mwenye nia njema anaangaza nini?

Shemeji alipokwenda sokoni, Bwana Dawa alichukua panga akavuka.

Nyuma ya jiko la shemeji alikuta hema dogo la kitambaa cha wavu, kingo zake zimefukiwa udongoni pande zote. Akasogeza uso. Ndani kulikuwa na rundo la maembe yaliyooza, na juu ya rundo, na kwenye wavu, na kila mahali, nzi. Aliwatambua mara moja, wale wale wa rangi ya asali wanaotaga mayai ya funza ndani ya maembe, waliomtia umaskini.

"Anawafuga!" alisema kwa sauti.

Kila kitu kikakaa mahali pake. Anaokota maoza, anazalisha nzi, kisha siku chache kabla ya mnunuzi kuja anawafungulia. Miembe ikikatwa, shamba litashuka thamani, na ardhi ataipata kwa bei ya kutupa. Bwana Dawa alikasirika, lakini ukweli usemwe, alifurahi pia. Mwenye shuku hana raha kubwa kama kujiona hakukosea.

Akalipasua hema kwa panga kutoka juu hadi chini, apate kulikanyaga lile rundo. Nzi wakamtokea usoni kama moshi wa kuni mbichi. Akawapunga kwa kofia, akakohoa, akatukana. Nao wakapanda juu, wakavuka mpaka, wakatua kwenye miembe yake.

Shemeji alimkuta bado anapunga kofia. Kapu likamshuka mkononi.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekukamata! Unafuga nzi uje kuwaachia kwangu!"

"Niwaachie? Si wewe uliyewaachia sasa hivi?" Aliokota kipande cha wavu. "Embe bovu ukiliacha chini, funza wanaingia udongoni, wanarudi wakiwa nzi. Dawa yako haiwafikii huko. Mimi nawafungia humu. Nzi hapiti kwenye matundu haya, anafia ndani. Anayepita ni nyigu mdogo, mdogo kuliko sisimizi, yule anayetaga ndani ya funza akawamaliza. Huyo ndiye nataka atoke, aje kwako na kwangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mlangoni kwako. Ukasema mume wangu aje mwenyewe, ukafunga mlango."

Alikumbuka. Aliona aibu, na aibu ikamtoka kama ubishi. "Na hawa nzi wote?"

"Ni wako, shemeji. Nilikuwa nakutunzia tu."

Mnunuzi alipokuja, alipasua embe la kwanza la Bwana Dawa, likawa safi. La pili, safi. Bwana Dawa akaanza kupumua. La tatu lilikuwa na funza, na la nne pia. Gari likageuka, likaenda kwa shemeji, likapakia nusu tu ya alichotarajia shemeji kuuza, maana nzi walifika huko pia.

 Mke wa Bwana Dawa alibeba shoka mpaka mwembe wa kwanza, na mumewe akakimbia kusimama katikati.

"Nipe msimu mmoja tu, mama."

"Kwa dawa gani tena?"

"Si dawa. Nitaokota maoza."

"Wewe?" Alimtazama juu hadi chini. "Haya. Shemeji yako akiipokea ndoo yako, shoka nalirudisha ndani. Akiikataa, naanza na huu."

Bwana Dawa aliokota mpaka kiuno kikalia. Alipofika nyuma ya jiko, hema lilikuwa limeshonwa, uzi mweusi ukipita pale panga lilipopita.

"Nimwage wapi, shemeji?"

Shemeji alitazama ndoo, akaichokonoa kwa kijiti. Akamtazama usoni, akatazama mifuko yake, akatazama mikono. Ng'ambo ya mpaka mkewe alisubiri, mpini wa shoka mkononi.

"Weka hapo chini," shemeji alisema mwishowe. "Nitamwaga mwenyewe. Wewe simama kule, nikuone."

Bwana Dawa akaweka ndoo, akarudi nyuma, akasimama alipoelekezwa, mikono akiiweka mbele mahali pa kuonekana.