Pipa la Taka la Shangazi

Hebu hakuhitaji kuambiwa kwamba siku ile anayepimwa ni yeye, si kompyuta. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu kila ukimwambia kitu kinafanya kazi atakujibu "hebu tuone", na roho haitulii mpaka ameona. Ni fundi wa kompyuta, mrefu, mwoga wa wakwe kupita kiasi, na alikuwa ameposa binti aliyelelewa na shangazi yake tangu utotoni. Posa ilipelekwa kwa adabu zote. Jibu ndilo lililokuwa halijarudi, kwa sababu jibu lilikuwa mikononi mwa shangazi, naye alikuwa kimya utadhani hakuna aliyebisha hodi.

Na shangazi mwenyewe usimwone hivi. Ni mpiga picha mwenye studio yake, na jicho lake likitua kwako utakumbuka hata kifungo ulichosahau kufunga. Mposaji aliyetangulia alimkataa eti kwa sababu alicheka kabla mzaha haujaisha. Huyu wa pili alimwacha aive kwanza, kisha akamtumia salamu kupitia kwa mpwa wake: amenunua diski ya nje ya kuhifadhia picha, printa na kisoma kadi, vyote vimeunganishwa, ila hana hakika kama vinafanya kazi. Huyo fundi wako aje aangalie.

Mchumba wake alimwasa Hebu mambo mawili tu. Avae shati la mikono mirefu, na kwa vyovyote vile asimwambie shangazi "hebu tuone".

Shati alivaa. Hilo la pili lilimshinda hata kiti hakijapata joto. Shikamoo ilitoka vizuri, ikapokewa, akapelekwa kwenye meza iliyo nyuma ya pazia la buluu, lile wanalosimama mbele yake watu wa picha za pasi. Shangazi akamwonyesha diski, akasema taa yake inawaka, kwa hiyo picha ziko salama. Hebu akajibu kwa heshima zote kwamba taa ikiwaka maana yake umeme umefika, hebu tuone kama na picha nazo zimefika. Upande wa pili wa pazia mchumba wake alikohoa, na wala hakuwa na mafua.

Basi akaanza kazi kwa mtindo wake. Kisoma kadi alikichomekea kadi, akaichomoa, akaichomeka tena katika kila tundu. Printa aliijaribu kwa ukurasa wa rangi, ukaja na michirizi kama pajama, akaisafisha mpaka michirizi ikaisha. Kwenye diski ndipo alipotaka kumuua shangazi wa watu. Alichukua picha ya mteja, akainakili kwenye diski, halafu akaifuta kwenye kompyuta mbele ya macho ya mwenyewe. Shangazi alishika ukingo wa meza. Hebu akamweleza kwamba nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha hujui kama unayo, akabonyeza, na picha ikarudi nzima na tabasamu lake. Shangazi akasema "Mmh", na kwa watu wanaomfahamu, hiyo ni hotuba.

Mara ikaingia familia iliyotaka kupigwa picha, shangazi akaenda mbele. Hebu akabaki na tatizo moja: diski iliyo ndani ya kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, na kazi ya kunakili ilikuwa inakwama katikati kila akiianzisha. Akatafuta kinachokula nafasi, akakuta pipa la taka la kompyuta, panapokaa vilivyofutwa, limefura. Jamani, Hebu ni mtu wa kuomba ruhusa. Hata kusogeza kikombe chako huomba. Lakini nani anaomba ruhusa ya kutupa kilichokwisha kutupwa? Akalimwaga lote. Mashine ikapumua, kazi ikaendelea, na yeye akajipigapiga bega moyoni.

Shangazi aliporudi alikuta ripoti inamsubiri. Diski inanakili na kurudisha, printa haina michirizi, kadi zinasomeka. Na pipa, akaongeza kwa furaha ya mtu anayejichimbia shimo, nalo amelimwaga, maana lilikuwa limejaa.

Shangazi akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa juu ya sanduku la taa.

"Umemwaga pipa langu?"

Kumbe bwana, pipa lile halikuwa pipa. Mpwa wake ndiye anayerekebisha picha kwenye kompyuta hiyohiyo, na ana mkono mwepesi wa kufungua kila folda anayoiona. Shangazi alitafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayepeleka pua, akaona hakuna kama kwenye taka, nani apekue taka? Ndimo alimokuwa akiweka vitu vyake asivyotaka vionekane, na hakuwahi kulimwaga hata mara moja. Diski mpya ilikuwa imenakili folda zote za studio, lakini taka haikuzinakili, kwa kuwa hakuna diski yenye akili zake inayonakili taka. Hebu aliiona harusi yake ikitoka mlangoni bila kuaga.

Akazima kompyuta palepale, akamsihi shangazi asiguse kitu. Akaichomoa diski ya ndani, akaiunga kwa kebo kwenye kompyuta yake ndogo, huku akimtuliza kwamba kwa diski ya zamani kama ile, kufuta ni kubandua jina mlangoni tu. Vitu bado vimo chumbani mpaka ahamie mpangaji mwingine. Vitapatikana, labda si vyote. Ila ingesaidia akijua anatafuta picha za namna gani.

Za mteja, shangazi akasema. Mteja gani? Mteja tu. Hebu, aliyetaka kusaidia, akauliza kama ni za harusi.

"Harusi yenyewe sijui kama itakuwepo," shangazi akajibu, kisha akamwomba afanye kazi hiyo amefumba macho.

Haikuwezekana. Picha zikaanza kujitokeza kwenye skrini, ndogondogo. Ya kwanza ilikuwa mgongo wa mwanamume anayechagua nyanya, na Hebu alidhani shati lile analijua. Ya pili, mwanamume yuleyule kasimama mlango wa karakana, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Ya tatu kalala, shavu juu ya kibodi, mdomo wazi. Iliyofuata nusu yake ilikuwa imeharibika, imebaki kijivu, lakini masikio yalikuwa ya Hebu mwenyewe, hakuna wa kubisha.

Hebu aliendelea kuzitoa. Shangazi naye alikuwa akiichunguza dari kwa makini sana. Wangeweza kukaa hivyo mpaka jioni kama mchumba asingeingia na chai. Alitazama skrini, akaweka sinia chini kabla chai haijamwagika, akacheka mpaka akalishika pazia. Hivi shangazi alikuwa anamfuata mtu wa watu mitaani?

"Nilikuwa najaribu lenzi mpya," shangazi akasema. "Ya mbali."

Ndipo ikajitokeza nyingine. Hebu yuko peke yake karakanani, mbele ya skrini iliyozimwa aliyoigeuza kioo. Mkono kifuani, kichwa kimeinama, mdomo umeshika shikamoo katikati. Alikuwa akifanya mazoezi. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kebo zake zote. Mchumba wake hakucheka tena.

Shangazi akaacha dari. Akasema alikwenda kutafuta kasoro, na kasoro alizipata, anakula huku anatembea, na mashati yake Mungu ndiye ajuaye. Kisha akajikuta anakwenda bila kutafuta chochote.

"Siku niliyoipiga hii nilirudi nyumbani nikalia," alisema. "Nilikuwa nimeishiwa sababu za kukataa. Nikikubali, huyu mpwa wangu anaondoka, mimi nabaki na kamera."

Mpwa wake akaenda akakaa naye kwenye lile sanduku la taa, akamwegemea, na hakuna aliyeigusa chai. Hebu hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama azifute.

"Thubutu," shangazi akasema.

Basi itabidi ziwekwe kwenye folda ya kueleweka, Hebu akaeleza, ili diski nayo izinakili, maana pipa limeshatuonyesha tabia yake. Akatengeneza folda mpya, akauliza aiite jina gani.

Shangazi alijifuta macho kwa kitambaa cha kusafishia lenzi.

"Andika Mkwe."

Hebu akaandika, na mchumba wake ndiye aliyenyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.