Tope Jekundu kwenye Corolla ya Gaspard

Mwaka 2011, petroli ilipoadimika Malawi nzima, Gaspard alikuwa akinunua ya madumu huko Mitundu, kwa watu walioichanganya na mafuta ya taa na Mungu ndiye ajuaye nini kingine. Shemeji yake Cirhuza, aliyesomea ufundi wa magari Bukavu kabla ya kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliisikia ile Corolla ikikohoa kila ilipopanda mlima. Alimwomba aiache siku moja tu, ateremshe tangi alioshe, abadilishe chujio, asafishe kabureta.

Gaspard hakutaka. Juma lile alikuwa na harusi mbili za kanisani, na gari ndilo lililompa jina kambini.

"Shemeji, motere iko inatembea," alisema. "We unataka kufungua kitu yenye haiyakufa?"

Cirhuza angeweza kushikilia. Hakushikilia. Jumatatu yeye, mkewe Mathilde, dada yake Gaspard, na binti yao Gabriella walitakiwa Lilongwe kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, na kwa uhaba ule minibasi zilikuwa hazionekani barabarani. Hakutaka kumuudhi mwenye gari.

Miaka saba walikuwa wameisubiri siku hiyo. Miadi ilikuwa saa tatu. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu, Mathilde akiwa amepakata bahasha ya vyeti. Hata nusu ya njia hawajafika, gari likatetemeka kwenye mlima, likazima. Cirhuza akachomoa mpira wa mafuta, akaunyonya kwa kinywa, akatema maji na kutu. Likawaka, likaenda kilomita mbili, likazima tena. Akarudia hivyo mpaka midomo ikababuka. Gaspard alishikilia usukani akitazama mbele. Lori moja tu liliwapita, limejaa watu hadi juu.

Walifika saa saba. Mlinzi aliwaambia kwa upole kwamba wahojaji wameondoka, wakangoje kuitwa.

Siku ya pili Gaspard alilileta gari mwenyewe. Chini ya tangi Cirhuza alikuta tope jekundu la kina cha vidole viwili. Alilikomba lote, akaosha tangi mara tatu, akapitisha mswaki kwenye kabureta. Injini ikatulia kama mpya. Gaspard alishukuru sana. Jumamosi angebeba bibi harusi.

Mwaka uliofuata barua ikaja: faili lao limefungwa kwa kutohudhuria. Mathilde aliisoma mara mbili. Kaka yake hakumtaja.

"We njo uko fundi, Papa Gabriella," alimwambia mumewe. "Ulijua, na ukatupandisha."

Cirhuza aliendelea kulisafisha gari lile kila baada ya miezi michache, na halikuzima tena njiani. Mathilde hakulipanda tena. Hata alipougua malaria, alikwenda zahanati kwa kabaza, ameegemea mgongo wa mwendesha baiskeli asiyemjua.