Maganda Sita na Kipimo cha Mifupa

Mimi na Veneta tulikutana kwenye benchi la korido ya wagonjwa wa mifupa, katika hospitali moja ya hapa Plovdiv, tukisubiri kuwekewa magoti ya bandia. Miaka miwili ya foleni ni mirefu. Mimi nimefiwa na mke, yeye amefiwa na mume, na watu wa namna hiyo wakikaa benchi moja muda wote huo huishia kugawana karanga. Februari mwaka huu tukapewa tarehe: kumi na nne Mei, wote wawili. Maana yake ni kwamba baada ya upasuaji tungepelekwa pamoja Hisarya, kwenye mabwawa ya maji ya moto, tukafundishwe kutembea upya. Wiki tatu nzima. Nilikuwa nimeshanunua taulo.

Kilichobaki kilikuwa kipimo kimoja. Daktari wetu hapachiki goti la chuma kwenye mfupa usio imara. Mwenye mifupa dhaifu hurudishwa nyumbani atumie dawa kwanza, miezi mitano au sita. Ndiyo maana kila mmoja lazima alale chini ya mashine inayopima uimara wa mifupa.

Mimi si mtu wa kungojea bahati. Nilisoma ufundi shule ya jioni, nikitoka karakana ya reli na mikono bado ina grisi, na najua kila kitu kina maandalizi yake. Marehemu mama alikuwa akitibu mifupa ya kijiji kizima kwa maganda ya mayai na limau. Basi Jumatatu alfajiri, siku ya kipimo, nikasaga maganda sita kwenye kinu cha kahawa, nikakamulia malimau mawili, nikanywa kwa kijiko. Kinu changu kimechakaa. Mengine yalishuka kama changarawe.

Veneta aliingia kwanza. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi, akaketi bila kuegemea.

"Vipi?"

"Hasi mbili nukta tisa."

Nilijua maana yake, nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Wanakulinganisha na kijana wa miaka thelathini. Sifuri ni sawa naye. Ukishuka mpaka hasi mbili na nusu, mifupa yako imekwisha nguvu.

"Mashine zinakosea," nikasema.

"Hii haikosei. Nimesimamia mashine za kufuma miaka thelathini na moja, naijua inayosema kweli. Mimi mpaka Oktoba, mzee Metodi. Utaniandikia kadi kutoka Hisarya."

"Sitaki kuandika kadi."

"Basi usiandike. Utakuwa na shughuli. Wajane wa huko wanaogelea vizuri."

Nikaitwa. Mpimaji alikuwa msichana anaitwa Siyka, mpole lakini hapitwi na kitu.

"Urefu wako, mzee?"

"Mita moja na sabini na nane."

Akanisimamisha ukutani. "Sabini na mbili."

"Ukuta wenu umepanda."

"Umepanda kwa wazee wote. Lala chali."

Nikalala, miguu juu ya sanduku la sponji, mkono wa mashine ukipita polepole juu ya tumbo langu. Hapo ndipo nilipotambua balaa nililojitakia. Nimekunywa maganda ili nifaulu, na sasa sikutaka chochote duniani ila kufeli. Legeeni kidogo, nikaiambia mifupa yangu, Oktoba si mbali.

Siyka akatazama kioo cha kompyuta, akaondoa miwani, akairudisha.

"Chanya tatu nukta moja. Mzee, una uti wa mgongo wa fahali."

Sitaficha: nilifurahi. Nilitoka koridoni nikaitaja ile namba kabla hata sijaulizwa. Bwana mmoja mwenye magongo akanipa mkono. Bibi wa benchi la pili akataka kujua ninakula nini. Kwa dakika tano hivi nilikuwa fahali kweli. Kisha nikamwona Veneta anavaa koti, anapambana na mkono mmoja wa koti, na alipogeuka akanitabasamia vizuri tu, bila kejeli.

"Hongera," akasema. "Umestahili."

Kejeli yake ningeiweza. Ile hongera iliniingia mpaka kwenye goti. Nikarudi nikagonga mlango.

"Binti, futa hicho kipimo."

"Kwa nini?"

"Nimekunywa maganda ya mayai. Sita."

Siyka akanigeuzia kioo. Mbele ya pingili za mgongo kulikuwa na vidoa vyeupe, kama mtu amemwaga mchele.

"Nilikuwa najiuliza hivi ni nini," akasema. "Maganda yako hayajafika kwenye mifupa, mzee. Yako tumboni, na mashine imeyahesabu yote kuwa mfupa."

"Kwa hiyo huenda mifupa yangu ni mibovu?"

"Huenda."

"Huenda sana?"

"Mzee Metodi, mbona unacheka?"

Alhamisi nikarudi, siku tatu bila ganda wala kidonge. Safari hii walipima mgongo na nyonga. Siyka alipofika kwenye urefu nikamwahi: sabini na mbili. Kisha nikalala nikakodoa macho darini mpaka akamaliza.

"Hasi mbili nukta sita," akasema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Nikaibusu ile karatasi.

"Hii si bahati nasibu. Ukianguka unavunjika."

"Sitaanguka. Nina miadi."

Veneta alikuwa koridoni, ingawa siku hiyo hakuwa na zamu yoyote. Alidai amefuata cheti cha dawa. Akaisoma karatasi yangu, akaisoma tena.

"Bado umenizidi kwa nukta tatu. Hata kwenye ubovu lazima uwe mbele."

"Nilijitahidi."

Akageukia dirishani, mabega yakitikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe alikuwa anacheka, akacheka mpaka mkoba ukadondoka, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinama kuuokota. Yule bwana wa magongo ndiye aliyetuvutia mkoba kwa gongo lake.

Tukaenda kwa karani. Akafungua ukurasa wa Oktoba, akatuandika tarehe saba, Veneta saa mbili asubuhi, mimi saa nne.

"Na Hisarya?" akauliza. "Chumba kimoja au viwili?"

"Viwili," akasema Veneta, kabla sijavuta pumzi.

Karani akaandika.

"Vinavyopakana," akaongeza Veneta.