Ufa wa Mama Wollny

"Leo mdomo wako ni wa kunywea kahawa tu, Mama. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Hata shuleni hawakunisema hivi."

"Shuleni hukuwa unauza nyumba."

Elfriede Wollny alikuwa ameketi jikoni kwake, amevaa viatu vya kanisani, akimtazama binti yake Marlies akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa amechoka kabla wageni hawajabisha hodi. Tangu mwaka uanze walikuja wanunuzi mara tatu, kila mmoja na mkaguzi wake wa nyumba, na mara zote tatu walikunywa kahawa, wakasifu bustani, wakaaga vizuri, wakapotea. Na mara zote tatu, Marlies hakuona haya kulisema, mchawi alikuwa Elfriede mwenyewe.

Mkaguzi wa kwanza, Elfriede alimshika mkono wa koti akampandisha ghorofani kumwonyesha ufa ulio nyuma ya kabati la nguo, ambao mtu asiyeambiwa asingeuona. Wa pili alimtolea yai la kuchemsha, akaliachia sakafuni karibu na jiko, likajiendea lenyewe hadi mlangoni, na bibi akacheka kwa fahari kana kwamba amelifuga. Wa tatu alimwinamisha azione kabari zilizo chini ya kila kabati, kitanda na meza. "Marehemu mume wangu alizichonga zote kwa mkono wake," alimwambia. "Bila hizi tungelala tumesimama."

Haukuwa uzee. Kichwa cha Elfriede kilikuwa kizima kuliko magoti yake. Shida ni kwamba alikuwa ameishi maisha yake yote katika mtaa wa wachimbaji wa makaa ya mawe, huko bonde la Ruhr, Ujerumani, ambako chini kulichimbwa mpaka nyumba za juu zikainama, na mgodi ukalazimika kuwafidia wenye nyumba. Kila baada ya muda alikuja mtu wa mgodi na tochi na pimamaji ya kupimia sakafu iliyoinama, na kila mke mtaani alijua kazi yake siku hiyo: kumwonyesha kila kilichopo, na kidogo cha kile kisichokuwepo. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtaa ule, aliyeziba ufa alionekana mjinga. Ufa ulikuwa shamba, na shamba halizibwi. Ufa mmoja mzuri ulileta madirisha mapya, na ule ufa mkubwa wa kina Wollny, uliokuwa kwenye ghala chini ya nyumba, uliwaletea bafu zima. Mgodi ulikuja kufungwa, watu wake wakaenda zao na tochi zao, lakini mazoea yana taabu. Elfriede akimwona mtu ameshika pimamaji, mkono ulinyanyuka wenyewe kuelekea ukutani.

Safari hii hakukuwa na nafasi ya mchezo. Chumba cha kulala kilikuwa juu, choo kilikuwa juu, na ngazi za nyumba zile zina mwinuko wa kumkatisha tamaa hata kijana. Elfriede alipanda kwa kutambaa na kushuka kwa makalio, na jambo hilo hakumwambia mtu isipokuwa Trudel. Trudel, shoga yake tangu usichana, alikaa mtaa wa pili kwenye nyumba za wazee, na chumba kilichopakana na chake kilikuwa kimebaki kitupu: chumba cha chini, hakina ngazi, choo palepale karibu na kitanda. Ofisi ya nyumba hizo ilikubali kumshikia Elfriede hadi Ijumaa. Nyumba isipouzwa, hana pesa ya kukilipia, hahami.

"Leo ni Jumatano," Marlies alisema, kana kwamba mama yake hajui.

Wageni walikuja wakiwa watu watatu na nusu. Nesrin, mwanamke kijana mwenye macho ya kucheka. Mumewe Timo, mrefu, amejifunga mtoto mchanga kifuani. Na nyuma yao Bwana Terhorst, mkaguzi, mzee mnene mwenye masharubu ya mvi, akifuta viatu mlangoni kwa muda mrefu kama anayetafuta sababu ya kutoingia.

"Hii ni ya tatu leo," alisema. "Mkinipa kahawa nitawapenda. Mkinipa na keki, nitawarithisha."

Akapewa vyote viwili. Alipoweka pimamaji yake juu ya sakafu ya jikoni, Elfriede alikalia mikono yake. Marlies alimwona, akamminyia jicho la onyo.

"Inainama," alisema Terhorst.

Elfriede alimeza kahawa.

"Lakini nyumba gani huku haiinami? Hata yangu inainama. Mke wangu husema ndiyo maana mimi naangukia baa kila nikitoka. Kuinama si ugonjwa, jamani. Swali langu ni moja tu: imetulia, au bado inatembea? Ikiwa imetulia, nunueni mlale. Ikiwa inatembea, mimi nitakuwa wa kwanza kuwaambia kimbieni."

"Kwa bibi yangu sahani ya supu ilijaa upande mmoja," Nesrin alisema. "Siku niliyokula kwa watu wengine nilidhani sahani zao ndizo mbovu. Babu alichimba hapahapa, Bibi, mgodi huuhuu."

"Babu yako nani?"

"Dursun. Walimwita Dursun Masikio."

"Masikio! Namkumbuka!" Elfriede alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Alikuwa na njiwa wa mashindano kama mume wangu, na kila Jumapili walitukanana kuhusu njiwa hao mpaka mimi natoka misani."

Basi akampenda yule msichana, na hamu yake ya kuuza ikazidi. Akilini alimwona kabisa akipachika mapazia mapya jikoni. Walipopanda ghorofani yeye alibaki chini, akisikia nyayo zao juu ya kichwa chake, na wala hakupaza sauti kusema tazameni nyuma ya kabati. Waliporudi, Terhorst alikuwa ametulia, na Timo alikuwa anaongea habari ya kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Marlies alimbana mama yake bega kwa furaha.

Likabaki ghala la chini. Marlies alitaka mama yake abaki jikoni, lakini Elfriede alishuka nao, ngazi moja baada ya nyingine, akishikilia ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kuingia ghala lake bila yeye.

Kule chini kulinuka viazi na makaa ya zamani. Terhorst aliwasha tochi, na ule ufa mkubwa ukajitokeza, ukishuka kutoka dirisha dogo hadi nyuma ya rafu ya mitungi ya matunda. Aliupapasa kwa kidole gumba. Kisha akageuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kumaliza kazi arudi nyumbani.

"Huu ufa, Mama Wollny. Umeongezeka miaka hii?"

"Kila mwaka unazidi!" alisema Elfriede, mkono shavuni, kichwa kikitikisika kwa huzuni. "Kila mwaka!"

Yalikuwa maneno yaleyale, na mkono uleule shavuni, aliyowapa watu wa mgodi maisha yake yote. Yalitoka kabla hajajua. Marlies alifunga macho.

"Sio kweli," Elfriede alisema haraka. "Bwana Terhorst, sio kweli. Ni mazoea. Tulikuwa tukisema hivyo ili tulipwe."

Nesrin alicheka. "Bibi yangu naye alisema hivyohivyo. Hata ufa wa jirani alisema ni wake."

Terhorst hakucheka. Alijikuna masharubu. "Mama, nakuelewa. Mimi mwenyewe nimezaliwa mtaa kama huu. Lakini nikishasikia siwezi kujifanya sijasikia. Hawa watoto wamenileta niwaambie kama nyumba inatembea, na mwenye nyumba ameniambia inatembea."

"Mwenye nyumba ni mwongo!" Elfriede alisema. "Sogezeni hiyo rafu. Sogezeni! Mgodi ulipofungwa, mume wangu Heini aliziba sehemu ya ufa kwa plasta, kipande cha upana wa kiganja, akakiandika mwaka kwa ukucha. Plasta haina subira. Ukuta ukijongea kidogo tu, inapasuka. Kila Mwaka Mpya alishuka na taa kuitazama, na kila mwaka ilikuwa nzima. Mpaka anakufa ilikuwa nzima. Itazameni wenyewe."

Marlies alipata uhai. "Kweli kabisa! Baba na plasta yake! Timo, shika huku." Wakaivuta rafu, mitungi ikagongana, vumbi likapanda. Elfriede alisimama wima, kidevu juu, akingoja asafishwe jina.

Terhorst alimulika. Plasta ilikuwepo, na maandishi ya Heini yalikuwepo, ya kupinda kama alivyopinda mwenyewe alipozeeka. Lakini ilikuwa imekatika katikati. Nusu moja ilikuwa imeshuka chini kidogo kuliko nyingine, na kati yao buibui alikuwa ameshafanya makazi.

Mtoto kifuani mwa Timo alikoroma kidogo.

Terhorst aliitazama plasta, akamtazama yule mama mzee aliyeshuka ngazi zile kwa kushikilia ukuta. Kisha akauliza taratibu, "Hii rafu ilisukumwa lini huku?"

"Baada ya mazishi ya Baba," Marlies alidakia. "Niliisukuma mimi. Niliisukuma kwa nguvu."

"Basi huenda rafu iliigonga," alisema Terhorst. Alimwangalia Elfriede tu, si mwingine. "Rafu huwa zinagonga. Unaonaje, Mama Wollny? Wewe ndiye unayeijua nyumba."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na kwa huruma. Lilihitajika neno moja tu. Elfriede aliona choo kilicho karibu na kitanda, akamwona Trudel akigonga ukuta asubuhi kumwambia kahawa tayari. Alikuwa amewadanganya watu wa tochi waliomzidi huyu kwa mavazi na kwa ujanja, na hakuwahi kupoteza usingizi hata usiku mmoja, kwa sababu mgodi ulikula ardhi ya chini yake na alikuwa anadai chake. Mgodi haungeulipia uongo huu. Ungelipiwa na msichana mwenye macho ya kucheka, na mume wake, na huyo mdogo aliyelala amefungua kinywa. Alimkasirikia Heini kwa kuweka plasta. Aliukasirikia ulimi wake, na hata mtoto alimkasirikia kwa kulala vizuri namna ile.

"Rafu ina miguu," alisema hatimaye. "Imesimama mbali na ukuta, kwa sababu ya unyevu. Haikugusa kitu. Imepasuka yenyewe."

"Mama!"

"Imepasuka yenyewe, Marlies. Una macho."

Terhorst alizima tochi. "Asante," alisema.

Jikoni aliwaeleza wale vijana kwa maneno machache. Mashimo ya zamani yanajaa maji, ardhi inajigeuza tena, pengine ni kidogo, pengine si kidogo. Ingefaa kuweka plasta mpya na kungoja mwaka mzima. Leo asingeweza kumwambia mtu anunue. Timo alisema mwaka hawana, walipo wanatakiwa kutoka. Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyepasua ukuta.

Mlangoni Nesrin aliushika mkono wa Elfriede, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake, kama wajukuu wa Kituruki wafanyavyo kwa wakubwa siku ya Idi. Elfriede hakujua aupeleke wapi mkono wake baada ya hapo, akaufuta kwenye aproni.

Walipoondoka, Marlies aliosha vikombe kwa kishindo.

"Neno moja, Mama. Ulitakiwa kusema neno moja tu."

"Najua."

"Wangezoea! Wewe hukuzoea?"

"Mimi nilizoea nikiwa nalipwa," alisema Elfriede.

Marlies aliacha kikombe, akamtazama, akataka kukasirika zaidi na hakuweza. Alichukua koti. Kesho angepita baada ya kazi, alisema, wafikirie kitanda kishushwe sebuleni. Choo kingebaki juu, hilo hawakulitaja.

Elfriede alikaa na simu mapajani muda mrefu. Angeweza kusubiri hadi Ijumaa. Lakini kulikuwa na wengine kwenye foleni, wazee wenye magoti kama yake, na yeye alikuwa amechoka kungoja kitu kisichokuja. Akapiga.

"Trudel. Waambie ofisini wampe mtu mwingine kile chumba."

"Kwani wamekataa tena? Wajinga hao! Uliwaonyesha yai?"

"Sikuonyesha yai."

"Sasa?"

"Walikuwa wanakubali. Mimi ndiye niliyewakatalia."

Trudel akasema, sauti imeshuka, "Ah, Elfriede. Na mimi nimeshakuwekea maua dirishani."

Hapo ndipo Elfriede alipolia, kwa sauti, bila kujificha, kama ambavyo hakulia hata siku ya kumzika Heini. Alijaribu kusema samahani na haikutoka. Trudel hakumnyamazisha wala hakukata simu.