Mlango Mzima

Mwanasheria alikuwa na mafua, na kila alipopiga chafya mimi nilisimama. Nilikwenda dirishani, nikatazama magari yaliyoegeshwa chini, nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kiti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Ofisi ya kazi, barabara mbili kutoka pale, ingeacha kupokea malalamiko saa sita kamili, na leo ilikuwa siku ya mwisho kati ya siku sitini alizopewa binti wa mdogo wangu kisheria.

"Mama, tulia basi," alisema mwanasheria akijifuta pua.

"Mbona nimetulia," nikamjibu, nikasimama tena.

Siku hizo sitini nilizila mimi. Nilisema tusubiri hasira zipoe, zikaenda wiki mbili. Nikasema tuzungumze kwanza na uongozi, ukaenda mwezi na nusu. Mtoto mwenyewe alikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Sasa alikuwa amekaa kando yangu, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, ametulia kuliko sisi wote, na utulivu wake ule ulinichoma.

Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, ghorofa ya chini kabisa, mwaka wa kumi na mbili huu kwenye meza ya pasi, ndiyo maana wananiita Mama Pasi. Msimamizi wetu tunamwita Marashi, kwa sababu harufu yake hufika kabla yake. Tunaishukuru harufu hiyo. Inakupa nafasi ya kubeba kapu lako na kupotea. Maana Marashi ana tabia ya kuwavizia wanawake kwenye stoo ya sabuni. Anaingia nyuma yako, anasukuma mlango, anashika anapotaka, kisha anatoka akipiga mluzi kama mtu aliyetoka kunywa chai. Mwenzetu mmoja aliwahi kwenda kushtaki, akaambiwa alete shahidi. Angemleta nani, ndoo? Haukupita mwezi akawa hayupo kazini.

Basi mimi na kichwa changu kikubwa nikabuni njia. Sisi madobi tuna daftari la zamu. Kila kitu kilichoharibika kinaandikwa humo, zamu inayoingia inasoma, msimamizi anatia saini. Nikawaambia wenzangu, siku Marashi akichachamaa, andikeni: "Mlango wa stoo haufungi vizuri." Zamu inayoingia itajua hakuna kwenda stoo mmoja mmoja. Tukaanza. Na Marashi mwenyewe akawa anatia saini! Tulicheka mpaka machozi. Fundi wa hoteli, maskini, akaja na mkoba wake, akafungua, akafunga, akakuna kichwa, akaandika chini yake: "Mlango mzima." Kwa miaka miwili alikuja mara kumi na tisa. Mara za mwisho aliandika kwa herufi kubwa.

Kisha mtoto wa mdogo wangu akapata kazi pale, kwa mkono wangu. Ilibidi aambiwe. Lakini mimi ndiye yule ambaye mtoto huyu alipovunja ungo nilimtuma jirani akazungumze naye. Habari za kushikwa maziwa nimwambie mwanangu kwa mdomo huu? Nikajisemea, wenzangu watamwambia. Wenzangu nao wakasema, ana mama yake mkubwa hapa hapa, huyo lazima ameshaambiwa. Siku ya kumi na moja akasoma daftarini kwamba mlango wa stoo haufungi vizuri. Mtoto mchapakazi. Akatoa bisibisi kwenye droo, akaenda kukaza bawaba.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani pale ofisini. Mwanasheria hakulijua, na mtoto hakulijua.

"Tuanze upya kwa kifupi," alisema mwanasheria. "Njia zipo, na kufuata moja hakuzibi nyingine. Ya ndani ya hoteli mmeshaijaribu, wakamjibu kwa barua ya kumfukuza. Polisi tunakwenda, kwa sababu kumshika mtu mwili bila ridhaa yake ni jinai, na huko hatubanwi na siku hizi sitini. Baadaye tunaweza kudai fidia mahakamani. Lakini hili la kufukuzwa kazi ni la ofisi ya kazi, na ni leo. Tatizo ni barua hii."

Akaisoma. Niliijua kwa moyo. Ilisema binti alikutwa stoo na bisibisi, akamjeruhi msimamizi mkono, kwa kisingizio cha kutengeneza mlango ambao, kwa mujibu wa fundi, ni mzima.

"Kumchoma nilimchoma," alisema mtoto. "Alikuwa amenibana ukutani. Ningefanyaje?"

"Hapo una haki ya kujitetea. Ila watakuuliza swali moja tu. Ulifuata nini stoo na bisibisi?"

"Daftari liliandika mlango mbovu. Mama mkubwa, mpe aone."

Nilikuwa nalo mfukoni mwa pochi, nimelitoa chini ya meza ya pasi alfajiri ile, na lilitakiwa kurudi kabla ya zamu ya saa nane. Nikalitoa, nikalirudisha, nikalitoa. Mwanasheria akanyoosha mkono akalichukua mwenyewe. Akafunua kurasa akipiga chafya, akaanza kuchora alama pembeni ya karatasi yake. Nilihesabu alama zake moja moja mpaka kumi na tisa.

"Hii mbaya," alisema. "Mara kumi na tisa mlango mbovu, mara kumi na tisa fundi anasema mzima. Na msimamizi ametia saini zote. Nikiipeleka hivi, watasema madobi wana mchezo wa kusingizia mlango ili wapate kuingia stoo, na huyu ni mmoja wao."

"Mimi sina mchezo," alisema mtoto, na kwa mara ya kwanza mikono yake iliondoka magotini. "Mimi niliona tu imeandikwa."

"Nakuamini. Lakini huu mlango una nini?"

Nikaenda dirishani. Chini mtu alikuwa anajaribu kurudisha gari nyuma, mwingine anampungia mkono, njoo, njoo, njoo. Nilitamani niwe yeyote kati ya wale wawili. Niliogopa kupoteza kazi, sikatai. Lakini zaidi niliogopa uso wa yule mtoto.

"Mlango hauna kitu," nikasema nikiwa nimewapa mgongo. "Mlango ni Marashi."

Nikaeleza yote. Sikugeuka. Nilieleza aliyeanzisha, aliyeandika, tulivyocheka, na yule mwenzetu aliyeondoka. Nilipomaliza nilisikia mwanasheria akiandika haraka haraka, na mafua yake yakawa kama yamekwisha.

"Mama, kaa," alisema. "Unajua umenipa nini? Tarehe tofauti kumi na tisa, kila moja ina saini ya msimamizi mwenyewe. Lakini lazima mtu aape na kusema maana yake. Mtu huyo ataulizwa kwa nini alinyamaza miaka miwili. Na kazini watakutafutia sababu. Wakikufukuza kwa kutoa ushahidi, hilo nalo ni kosa, na hapo tuna kesi ya pili. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Niandike jina la nani?"

"Andika langu."

"Sasa nieleze anachofanya. Si mlango. Anachofanya."

"Anawasumbua."

"Kusumbua si kosa, mama. Hata nzi anasumbua. Ukiandika hivyo watasema ni ugomvi wa kazini."

"Anawagusa."

"Wapi?"

Nilifungua mdomo. Nimezaa watoto wanne, nimeosha maiti za ndugu zangu, nimefua mashuka ya wageni yenye kila kitu unachokijua na usichokijua, lakini ulimi ulikataa. Nikamtazama mwanasheria kama mtu anayeomba maji.

"Maziwa," alisema mtoto. Alikuwa anamwangalia mwanasheria, si mimi. "Makalio. Mimi alinitia mkono ndani ya sketi. Andika hivyo."

"Siwezi kuandika kwa niaba yake. Lazima aseme mwenyewe aliyoyaona na yaliyompata."

"Basi atasema," alisema mtoto.

Nikasema. Nilisema maneno yale yale, moja baada ya jingine, mbele ya mwanangu. Nikasema na mimi yalinipata, mwaka wangu wa kumi, siku mbili kabla ya kubuni ule mlango. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Mwanasheria aliandika yote, akanisomea, nikatia saini kila ukurasa.

Tulitoka saa tano na nusu. Mtoto alitangulia na faili. Sikujua anaweza kutembea kasi namna ile. Nilimfuata barabara ya kwanza, nikavuka ya pili nikipigiwa honi na kutukanwa, na hakugeuka hata mara moja. Ofisi ya kazi ilikuwa na foleni. Karani alisoma fomu taratibu kama mtu asiye na saa, akauliza shahidi yupo wapi, nikainua mkono, akagonga muhuri. Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Nje kwenye ngazi, mtoto akasimama. Nilidhani atanilaumu kwa ajili ya siku sitini, au kwa kucheka kwetu, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Ningekutii tu," alisema. "Hata usingenieleza lolote. Sina haja ya kujua maziwa wala nini. Maneno manne, mama mkubwa. 'Usiingie stoo peke yako.'"

Akashuka ngazi. Nilibaki pale nikiyahesabu kwa vidole, na yalikuwa manne kweli.